Kaburi la Tano

Biharamulo,
18 Mei 2025

Shangazi Scolastica,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha utasema, "Huyu kanikumbuka leo kwa kuwa ana shida," na hutakuwa umekosea. Lakini tuanze na salamu. Domisiana anakuamkia sana. Mguu wake umepona, ameanza tena kwenda shambani bila fimbo. Watoto wetu wote wako shuleni. Mahindi upande wa Nyantakara yamebeba vizuri mwaka huu, ila maharage yetu yameungua kwa sababu mvua ilikatika mapema. Barua hii nimempa Philbert, kondakta wa basi la Ngara, nikamwambia aikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Ningepiga simu, ila masikio yako tunayajua, na haya si mambo ya kumpitishia jirani akupazie sauti.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi ujao tunachukua fomu za chama, nami nataka kugombea udiwani tena. Unajua nilikotoka. Mwaka 2010 nilikosa kura za maoni kwa kura kumi na moja, nikashinda ndani siku tatu sitaki kuonana na mtu. Mwaka 2015 nikapita, 2020 nikapita bila kupingwa. Zahanati imepauliwa, kisima cha pili kinatoa maji, imebaki barabara. Kata inanijua na mimi naijua.

Safari hii ameingia Kazimili, yule mwenye mashine za kukoboa. Hanisemi kwa kazi, maana kwa kazi hana la kusema. Watu wake wanapita vilabuni wakisema kwamba mimi si mtu wa Biharamulo, na wala si wa Ngara, ni wa ng'ambo ya mto. Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja alisimama akauliza, "Mheshimiwa, hivi kitovu chako kimezikwa wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nilikaa juu ya pikipiki uani, Domisiana akaja kuniuliza kama naumwa.

Naomba uniandikie majina ya babu na bibi kama yalivyo parokiani, na makaburi yetu ya hapo nyumbani ni mangapi na ni ya nani. Cheti cha ubatizo ninacho. Mimi nililetwa huku nikiwa na miaka saba, mengi siyakumbuki, na baba na mama hawapo wa kuwauliza. Umebaki wewe.

Ni mimi mwanao,
Renatus Venance


Ngara,
9 Juni 2025

Mwanangu Renatus,

Marahaba, na uipokee mara mbili, kwa kuwa ulipokuja siku ya Pasaka ulinisalimia simu ikiwa sikioni. Namshukuru Mungu kwa mguu wa Domisiana. Mwambie asiuharakishe. Hapa tupo. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa bondeni, tumekata mashina kumi na manne na kuyafukia. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha. Akina mama wa parokia wamenichagua tena kuwa mwenyekiti wao, sikufanya kampeni wala sikununua soda, kwa hiyo mheshimiwa ukitaka mafunzo uje. Kifua kinanisumbua asubuhi, jua likitoka kinaniachia.

Philbert ni kijana mwenye adabu. Alinisubiri nifungue bahasha, nikamwambia aende, nitaisoma baadaye. Niliisoma mara moja, nikaiweka, nikaenda kumenya ndizi.

Mwanangu, miaka kumi si kidogo. Zahanati umejenga, maji umeleta. Kuna aibu gani mtu akisema, nimetumikia, sasa nalima? Baba yako hakuwahi kupenda jina lake litajwe mbele za watu, na alikufa kwa amani. Mwachie Kazimili hicho kiti. Akishindwa, watu watakuja wenyewe kukuomba urudi.

Majina ya babu na bibi nimeyaandika kwenye kipande cha karatasi humo ndani. Mengine sikumbuki vizuri. Nina miaka sabini na mitano.

Wasalimie wote.
Shangazi yako,
Scolastica


Biharamulo,
3 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hapa tumeshikwa na mafua nyumba nzima, kila mtu na kitambaa chake. Majina nimeyapata, asante. La makaburi umeliruka, na mimi nakujua, wewe husahau siku ya kufa ya mtu yeyote.

Shangazi, nimeitwa. Fomu niliirudisha Jumatatu, Jumanne nikapata wito kutoka uhamiaji. Kuna malalamiko yasiyo na jina. Niliketi kwenye kiti cha mbao kuanzia asubuhi hadi saa nane. Walioniuliza hawakunitukana wala kunitisha, waliuliza tu. Babu mzaa baba ni nani. Alizikwa wapi. Ni nani alikushika siku ya ubatizo. Mama yako alijifungulia wapi, mkunga alikuwa nani. Nilijibu, lakini kuna mahali nilijisikia nasoma majibu ya mtu mwingine. Jasho lilinitoka mgongoni hadi shati likashika kiti. Waliponyanyuka walisema watafika Ngara wenyewe kabla ya uteuzi, wayaone makaburi na kuzungumza na mtu mzima wa ukoo. Mtu mzima wa ukoo ni wewe.

Tangu siku ile sili vizuri. Domisiana ameniuliza jambo moja tu: "Wakisema wewe si raia, wanangu ni akina nani?" Kiti naweza kukikosa, nilishakikosa 2010 na sikufa. Lakini hapa kuna shamba, kuna watoto, kuna Emelda anayetaka kusomea ualimu. Mtu anaweza kuamka asubuhi akaambiwa nchi hii si yako?

Nimeamua tuyajengee makaburi. Namtuma fundi Desderius na mifuko sita ya saruji, aje ayapige plasta vizuri na kuandika majina na miaka juu yake. Wakija wakute ukoo umelala pale kwa mpangilio, kila mtu na jina lake. Wewe mwelekeze tu hili la nani na lile la nani. Atafika tarehe 17.

Mwanao mwenye hofu,
Renatus


Ngara,
14 Julai 2025

Renatus,

Marahaba. Mafua chemsheni majani ya mwarobaini, msiendekeze vidonge. Mapacha wa mbuzi, mmoja amekufa.

Usimtume fundi. Makaburi yetu yamekaa chini ya migomba miaka yote hiyo bila saruji, na anayeyahusu anayajua. Ukiyajengea wakati wa uchaguzi, hata asiyekuwa na shaka ataanza kuhesabu siku. Ni nani anayepiga plasta kaburi la babu yake aliyekufa mwaka 1968, halafu wiki hiyo hiyo maofisa wakaja kuliona? Siasa imekuondolea akili, mwanangu, na nakuambia hivyo kwa kuwa mimi nilikuogesha.

Makaburi ni manne. Babu yako, bibi yako, baba yako Venance na mama yako Jovina, tuliowarudisha huku wote wawili kama walivyoomba. Manne. Wakija nitawaonyesha hayo.

Bado nasema, uache. Andika barua kwenye chama useme una presha. Utakuwa husemi uongo.

Scolastica


Biharamulo,
21 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nyingine utanisamehe, sina nafasi kichwani.

Barua yako na fundi vilipishana njiani. Desderius amerudi jana na saruji yote, hata mfuko mmoja hakufungua. Anasema makaburi aliyoyakuta ni matano. Anasema la tano ni dogo, urefu wa mkono, liko pembeni karibu na lilipokuwa jiko la zamani, mawe yamepangwa vizuri na magugu yameng'olewa. Aliposogea na jembe ulisimama katikati, ukamwambia apakie vitu vyake arudi alikotoka.

Na mimi nimekumbuka. Nikiwa mdogo, tulipokuja likizo, nilirukaruka pale ukanivuta sikio. Ulisema, "Hapo hapachezewi." Kwa nini umeniandikia manne?

Kazimili ana watu huko, lazima ujue. Desderius alimkuta njiani mgeni mwenye kofia akiuliza wazee kuhusu makaburi ya akina Venance, akipiga picha kwa simu. Kwa hiyo siulizi kwa udadisi. Ofisa atakapohesabu, atapata matano, na wewe utakuwa umemwambia manne, na mimi nitakuwa nimekwisha.

Shangazi, nimefikiri sana. Naandika jambo hili nikiwa nimeinamisha macho. Ulikuwa utawani, ukatoka ukiwa msichana, na hakuna aliyewahi kutuambia sababu. Kama mtoto yule ni wako, niambie. Mimi sitakuhukumu, wala Domisiana sitamwambia. Ila nijue cha kusema.

Renatus


Ngara,
2 Agosti 2025

Renatus mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Siku ya kwanza nilitamani nikuchape. Kutoka utawani nilitoka kwa sababu ya kifua. Walinirudisha nyumbani nipone, nikachelewa kupona, na nilipopona mama alikuwa mgonjwa hana wa kumwangalia. Hakuna kingine. Sijawahi kuzaa, sijawahi kulala na mwanamume, na ni ajabu kumwandikia hayo mtoto niliyembeba.

Sasa soma ukiwa umekaa, na Domisiana asiwepo.

Ilikuwa mwaka 1972. Jovina alijifungua mwezi wa nne, mtoto wa kiume, akabatizwa Renatus, mimi nikiwa nimeshika mshumaa. Hakukaa. Homa ilimchukua akiwa na wiki saba. Venance alimzika karibu na jiko ili Jovina asiwe mbali naye anapopika. Huyo ndiye wa kaburi la tano.

Mwaka ule watu walikuwa wanavuka mto kila siku, wanakimbia yaliyokuwa yakitokea kwao. Siku ya nne baada ya mazishi alifika mwanamke, miguu imevimba, na mtoto mgongoni. Mtoto hakuwa analia tena, alikuwa anafungua mdomo tu. Jovina alikuwa na maziwa na hana wa kumnyonyesha. Alikutoa mgongoni kwa yule mwanamke kabla hata hajamaliza kutusalimia.

Ni wewe, mwanangu. Nimeshaandika.

Mama yako alikaa kwetu siku mbili, akaondoka, akasema anarudi. Tulimngoja. Usifikiri tulikaa chini tukapanga uongo. Jovina alianza kukuita Renatus akiwa usingizini, kisha akawa anakuita akiwa macho, nasi tukanyamaza. Cheti kilikuwepo na mtoto alikuwepo. Cheti ulichonacho ni cha yule aliyelala pale. Miaka saba baadaye majirani wawili watatu walianza kunong'ona, ndipo baba yako akahamia Biharamulo. Hakufuata ardhi. Alikuwa anakukimbiza wewe.

Ndiyo maana sikutaka ugombee, tangu 2010. Ulipokosa kwa kura kumi na moja nilisali rozari nzima ya shukrani, Mungu anisamehe. Mtu anayeshika jembe hakuna anayemuuliza kaburi la babu yake. Ukisimama jukwaani wanaanza kukuangalia mpaka kwenye kucha.

Wakija nitasema nini? Uniandikie wewe. Sijawahi kuapa uongo na naogopa, sikufichi. Nikifumba macho namwona Venance anachimba. Lakini nitasema utakalotaka niseme.

Karatasi hii usiitunze.

Scolastica


Ngara,
27 Agosti 2025

Renatus,

Hukuandika. Nimesikia kwa Philbert kwamba ulishinda kura za maoni na kwamba umekonda. Nilimuuliza kama kuna bahasha, akaangalia pembeni, nikajua hakuna. Sikulaumu. Mtu akiambiwa jambo kama lile anahitaji muda, ila wale wa uhamiaji hawakuwa na muda wa kukupa.

Walikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Mwanamume mmoja na dada mmoja mdogo mwenye daftari, na mwenyekiti wa kitongoji, na wazee wawili wa kushuhudia. Nilikuwa naanika mtama. Mikono niliificha kwenye kanga. Yule dada alikuwa na adabu, alinipigia magoti, akanisemea sikioni polepole. Majirani wakasogea kwenye ua, unajua watu wetu.

Walihesabu wenyewe, wakapata matano. Kisha wakanisomea malalamiko: kwamba mtoto wa Venance alikufa mchanga mwaka wa wakimbizi, na kwamba diwani ni mtoto wa kuokotwa aliyepewa cheti cha marehemu. Mwanangu, nilisikia kila neno, na haya masikio ambayo hayasikii kengele ya kanisa.

Nilijua nikisema ni mtoto mwingine wa Jovina, watafungua daftari la parokia. Jovina alibatizisha mtoto mmoja tu mpaka mwaka 1975. Na mzee mmoja wa hao wawili alikuwepo siku ya kuzika, mwaka aliukumbuka, nguo alizovaa alizikumbuka, asichokikumbuka ni kaburi lilikuwa la mtoto wa nani, maana siku zile tulizika haraka na kina mama walikuwa ndani.

Yule dada akauliza, "Bibi, hapa amelala nani?"

Nikasema, "Wangu."

Nilisema kwa sauti, nadhani, kwa kuwa nikisema siwezi kujipima. Akauliza tena, nikarudia, kwamba nilitoka utawani nikiwa mjamzito, nikajifungua hapa, hakuishi, hakubatizwa. Akauliza baba wa mtoto. Nikasema amekufa na jina lake nitakwenda nalo. Yule mwanamume akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikamjibu niliona aibu. Wakaniletea Biblia yangu mwenyewe kutoka chumbani, nikaweka mkono, nikaapa, nikatia saini. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anatazama chini.

Wewe ndiye uliyenipa uongo huo, kwenye ile barua iliyoniudhi. Mimi peke yangu nisingeufikiria.

Sasa nikuambie kilichofuata, usikie kwangu kabla ya kwa Philbert. Akina mama wa parokia walikuja wanne, wakakaa, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua. Niliwaambia nawarudishia uenyekiti. Hakuna aliyenizuia. Jumapili sikupanga mstari wa komunyo. Miaka hamsini na mitatu wameniuliza kwa nini nilitoka utawani, sasa wanadhani wamejua. Kuungama nimeshindwa. Nikiingia kwa Padri nimwambie nini, kwamba nilizaa au kwamba nilidanganya? Naogopa kufa kabla sijajua cha kusema, na asubuhi kifua kinanibana.

Usinishukuru kwa barua. Njoo. Nataka nikuambie jina la mama yako aliyekuzaa. Unalo deni la kulijua, na mimi sina tena wa kumwachia. Kwenye karatasi siliweki.

Shangazi yako


Biharamulo,
30 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Miezi mitatu ni mingi, na sina sababu ya kukupa inayotosha. Domisiana hajambo, anauliza kwa nini siku hizi nashtuka mlango ukigongwa. Bado sijamwambia.

Waliniita mwezi wa nane mwishoni, wakanirudishia vyeti, wakasema jalada limefungwa kwa sasa. Kwa sasa, ndivyo walivyosema. Niliteuliwa, nikapiga kampeni, nikashinda. Ya siku ya kura sitayaandika. Wiki ijayo tunaapishwa. Nitanyanyua mkono nitaje jina langu kamili, na tangu wiki iliyopita nafanya mazoezi ya kulitaja bila sauti kukatika. Ni jina la yule aliyelala karibu na jiko, shangazi, ambaye kwa wanavyojua watu ni mtoto wako. Na kwa tunavyojua sisi, ni wa Jovina. Sijui niliiteje.

Nilipopata barua yako ya mwezi wa nane nilitoka nikaenda hadi kisimani, nikakaa na akina mama wanaochota maji, wakadhani nimekuja kukagua. Ulichofanya hakuna mtu anaweza kumfanyia mtu. Sijui nitakulipaje, na wewe umekataa asante.

Nimeanza safari ya kuja mara tatu. Mara ya kwanza niliishia stendi. Mara ya pili nikamwona yule mwenye kofia, au mtu wa kofia kama ile, amekaa kiti cha nyuma. Mara ya tatu tulifika Lusahunga, Philbert akaja kuchukua nauli, akacheka, "Mheshimiwa, wiki ya kuapishwa inakaribia na wewe unakimbilia Ngara, kuna nini huko?" Kijana hana ubaya, ameuliza tu. Nikasema nimefuata nyama choma. Nikashuka hapo hapo, nikanunua nyama nisiyoitaka, nikapanda gari la kurudi. Niliila njiani huku machozi yananitoka.

Hebu fikiri nikija. Wewe huwezi kunong'ona, shangazi. Jina ukilisema litasikika mpaka barabarani, na majirani wale wale watakuwa uani. Ukiliandika, karatasi ni karatasi. Nimefika mahali nasema labda ni afadhali nisilijue. Nisichokijua hakuna atakayekitoa kinywani mwangu, hata wakinikalisha tena kwenye kile kiti siku nzima. Ninao watoto wanne. Nielewe.

Naomba tusiandikiane mpaka mambo yatulie. Dawa ya kifua nimempa Philbert pamoja na barua hii, na blanketi.

Nisamehe.
Renatus


Ngara,
12 Desemba 2025

Sikusalimii, wala sikuelezi habari za hapa. Dawa na blanketi nimepata.

Umeshaapa, nami nimeshaapa. Tumeogopa vya kutosha sisi wawili, na mimi pumzi yangu sasa inaishia mlangoni. Siwezi kungoja mpaka mambo yatulie.

Mama yako aliitwa Nzeyimana. Alikuwa mrefu, mweusi, na akitembea aliinamisha bega la kushoto kama wewe. Alikuwa amemwacha dada yako kwa jirani ng'ambo ya mto, asingeweza kuwabeba wote wawili. Alikuacha mikononi mwa Jovina ukiwa unanyonya, akaondoka asubuhi kumfuata.

Nilimkimbilia mpaka njiani nikamuuliza jina lako wewe. Alisema jina unalo, alikupa mwenyewe, na tusikupe lingine. Alisema ana haraka, atatuambia akirudi.